Lugha ya Kompyuta Iliyomponza Yusra

Shoga yangu Mwanaima, leo kabla ya adhana ya adhuhuri nilikuwa juu ya mbuzi, krwa krwa, nakuna nazi. Mjukuu wangu Yusra yuko kando na kompyuta yake, anacheka peke yake.

Akanieleza kuna lugha ya kompyuta iliyotungwa kwa mzaha. Ukiiamuru bila kusema tafadhali, inakataa kazi. Ukizidisha tafadhali, inakataa pia, inasema unajipendekeza.

Nikamuuliza, "Sasa mtu atakijuaje kiasi?"

Akasema, "Hakijui, bibi. Ni kama kukaa na Abdulwahab."

Kumbe huyo Abdulwahab, mumewe, yuko mlangoni. Amekuja kumrudisha nyumbani kwake Ukunda, na amesikia yote.

Alimshika nywele akampigiza ukutani. Mara mbili, Mwanaima. Mara mbili mbele yangu. Akamwambia, "Sema tafadhali, nikuachie."

Yusra mdomo umejaa damu, akamjibu, "Nimeisema miaka mitatu."

Akainua ngumi tena. Nikachukua mchi nikampiga nao mkononi. Nilisikia mfupa ukivunjika. Mimi, ambaye hata mtoto sijawahi kumchapa. Nikamwambia, "Harudi kwako." Ametoka akilia, viatu kaviacha.

Jirani yangu Rispah alikuja mbio. Alimpa Yusra maji ya chumvi asukutue, akamkumbatia.

Alipoinuka kwenda shambani, Yusra alimshika leso. "Dada Rispah, jioni uje tena. Uje ulale na sisi."