Redio Inayofika Mpaka Nimule

Jumanne, 6 Oktoba 2015

Leo nimekula kuku wa hoteli, mtaa wa Amarat, hapa Juba. Alitakiwa kwenda Helen, mtoto wa marehemu dada yangu, maana redio ni yake. Chumba kimoja mtaani Atlabara, salamu na mahubiri. Lakini nani atabaki kutangaza? Akanituma mimi. "Anko, sikiliza tu. Usiongee." Mimi, niliyeifufua redio ya mkuu wa polisi wa Arua kwa kijiko!

Mkutano wa serikali, wa masafa. Masafa ni njia za redio hewani, kila stesheni na yake, ukiingia ya mwenzako mnagongana. Wanazipanga upya. Na wanazipanga kwa kuota! Dada Susan wa Nairobi, anayetuongoza, anasema nchi yenye vita haiwezi kupanga kesho moja, ipange kesho nne. Kila kesho inaitwa senario. Funga macho, uko mwaka 2030, tuambie unasikia nini.

Darasa la sita nililiacha njiani. Lakini kazi hii niliumbiwa.

Jumatano, 7 Oktoba

Kundi letu lilipewa kesho mbaya: vita imerudi mjini, minara imelala chini. Wenzangu wakatazama meza, kila mtu na lake kichwani. Nikasimama. Asubuhi, nikasema, moshi umekaa juu ya mto kama shuka. Halafu sauti moja. Helen. Anasoma majina ya watu waliopotezana. Nimule, kule mpakani, wanasikia. Gulu, ndani ya Uganda, wanasikia. Rubani angani anapunguza mwendo, amesikia jina la mama yake.

Mama mmoja alifuta macho. Injinia Lagu, wa ofisi ya masafa, akaniuliza kwa upole: na leo hii, Mzee Mogga, mnafika wapi?

Nimule, nikasema. Watu walikuwa bado wananitazama.

Ijumaa, 9 Oktoba

Lagu amempigia Helen. Kwenye mpango wao, redio ndogo ya mtaa inaachiwa njia yake. Inayofika mbali, njia yake inarudi serikalini mapema, kabla ya ile kesho mbaya, kwa sababu vitani anayeishika ameushika mji. Kwa neno langu la Nimule, sisi sasa ni wa mbali. Kalas, imekwisha.

"Anko, sisi hata Gumbo hapo ng'ambo ya mto hatupiti."

Upepo ukiwa mzuri tunapita, nikamwambia.

"Ona sasa. Bado unaendelea."

Akaingia kusoma salamu. Hewani sauti yake ilikuwa tamu tu, kama hakuna kitu. Nikajilaza mchana, redio kifuani. Nikaiona sauti ikitoka kifuani kwangu, inapita juu ya mabati, inavuka daraja, haichoki.

Jumatatu, 12 Oktoba

Lagu ni mtu mzuri. Hafungi redio kwa maneno matupu. Kesho anaenda na gari njia ya Nimule, apime tunafika wapi, na mimi niwepo.  Helen kasema: "Sauti ikipotea, uiache ipotee."

Jumanne, 13 Oktoba

Naandika ndani ya gari. Darajani Helen alikuwa wazi kabisa, anawasalimia watu wa mtaa wa Hai Mauna. Kufika Gumbo akaanza kukwaruza. Mbele kidogo akawa kama mtu anayeongea chini ya maji. Halafu hakuna. Vilima, nyasi, hewa tupu. Sikujua hewa inaweza kuwa tupu hivi. Nikiisimulia mimi, huwa imejaa.

Lagu amezima kipimo, anatabasamu. "Haya, sauti yenu inaishia huku nyuma, Mzee. Ngoja niongee na hawa askari wa kizuizi. Nikirudi sema ndiyo, niandike, twende nyumbani."

Neno moja, na Helen anabaki na redio yake.

Ila antena ya gari hili imepinda. Niliiona tangu mjini, nikanyamaza. Ukiinyoosha, ukailaza kidogo upande wa Juba, tunampata. Naapa tunampata.

Askari anamrudishia Lagu karatasi zake. Anakuja. Mkono usioandika umeshatoka dirishani, na antena iko karibu kuliko nilivyodhani—