Kona Mbaya Kwanza

Mama,

Mahindi yameanza kutoa ndevu na wewe haupo. Nimeanza na hayo kwa sababu hata kwenye simu ulikuwa unauliza shamba kwanza, halafu ndiyo uulize watu.

Watu wa mradi wa kilimo walikuja kabla matanga hayajaisha. Ati sasa kikundi chako, sisi na wakulima wa Kitale, kiache kutembeleana mashambani kwa zamu, kikutane hotelini Bungoma mjini, tufundishwe kwa picha za ukutani. Nikasema sawa. Nani angekaribisha wageni hapa Matulo kama si wewe? Ukweli ni kwamba nilitaka kikundi kife tu, mama. Sikutaka kuona mtu amekalia kiti chako.

Lakini zamu yetu ilikuwa imefika, na yule rafiki yako wa Kitale, Mama Chebet, hajui kuambiwa usije. Jumamosi nikamwona yeye na wenzake wanashuka kwa bodaboda pale getini, wamebeba miche ya kabichi. Nikakimbilia kuwaonyesha mahindi ya mbele, yale mazuri. Mama Chebet akanikatiza: "Si unajua sheria ya mama yako. Kona mbaya kwanza."

Unakumbuka ulivyoianza? "Uzuri wa shamba lako utanisaidia nini? Nionyeshe penye pamekushinda." Ukaanza na kwetu, ukawapeleka moja kwa moja kwenye kiduha, lile gugu lililokuwa linanyonya mahindi yetu, mimi nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Kila mmoja akasema alichojaribu kwake, hata kile kilichokataa. Misimu ilipita, lakini kona ile ikazaa.

Sasa mimi sikuwa na kona nyingine, mama. Niliwapeleka nyuma ya migomba, kwenye kaburi lako. Nikasema, hapa ndipo pamenishinda.

Hakuna aliyeniambia nijikaze. Walizunguka wakafanya kama siku zote. Mama Chebet alisema alipofiwa na mumewe aliendelea kusonga ugali wa watu wawili mpaka mvua zikarudi. Mwingine alijaribu kutopita kabisa karibu na kaburi la mtoto wake, na hiyo ilikataa. Nililia mpaka leso ikalowa. Kisha tukanywa chai, na kiti chako kikakaliwa.

Hotelini hatuendi. Mwezi ujao ni Kitale, na mimi nitaenda kwa nafasi yako, nitaitisha kona mbaya hata kama wamefagia. Wakirudi kwetu nitawaleta hapa tena, kwa sababu bado pamenishinda.

Lala, mama.

Nafula wako