Pini Iliyobaki Kwenye Trei

Jumanne, 5 Novemba

Baridi. Daktari kasema niandike kila siku, eti akili isilale. Haya, naandika. Kwa herufi za watoto — zile za wakubwa, za Kichina, niliwaachia waliokaa shule. Mimi mikono ndiyo iliyosoma.

Mama Hoshina kaleta gari la marehemu mumewe. La mwaka 1969, linang'aa kama kijiko. Ukaguzi wa serikali ni mwisho wa mwezi. Nikaingia chini — mipira ya kuzuia vumbi kwenye viungo vya usukani, yote minne imepasuka! Grisi imetoka, mchanga umeingia. Kampira kenyewe kadogo kama kikombe cha pombe ya sake, lakini kakipasuka tu, mkaguzi anakurudisha nyumbani. Ana haki. Ile chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji ikipenya humo, chuma kinaliwa kimyakimya.

Jumamosi anavuka mlima kumwona dada yake, amelazwa hospitali ya ng'ambo. "Fundi Yasuji, nitafika?" Nikamwambia, mama, gari hili likitoka mikononi mwangu litakufikisha hata kwa marehemu. Akasema kwa marehemu hana haraka. Tukacheka. Mwanangu Shigenori hakucheka.

Jumatano, 6 Novemba

Mipira ya gari hili haitengenezwi tena. Nikapima mdomo wa juu, mdomo wa chini, kimo. Nikamwambia Shigenori: agiza ile ya vigari vya mizigo vya siku hizi, inaingia kama soksi. Akasema, "Nilishaagiza jana, Baba." Mjuaji.

Tangu kiangazi ana neno lake. Siku gari litakaporudi kwa kosa la mkono wangu, navua ovaroli, naenda kukaa na wenzangu kwenye kituo cha wazee, kupiga makofi na kuimba. Nilikubali mbele ya mkewe, Kanae. Kwa nini nisikubali? Halitarudi.

Alhamisi, 7 Novemba

Kazi imekwisha! Vijana wanapenyeza uma wa chuma, wanachana mpira. Mimi nyundo mbili, moja huku, moja kule — pa! Kiungo kinachomoka chenyewe. Nikafuta grisi ya zamani, nyeusi kama masizi. Nikatia mpya, si nyingi, ikizidi mpira unatuna. Nikavisha mpira, nikaukandamiza kwa kipande cha bomba, nikauvalisha pete yake. Halafu nati. Halafu pini ya miguu miwili, inayopita kwenye meno ya nati na kukunjwa, ili nati isijifungue njiani. Pini iliniponyoka mara mbili. Baridi tu.

Shigenori kaja: "Baba, kapumzike, nimalizie mimi." Nikamwambia nenda kamalizie shule. Ana miaka hamsini na mbili.

Wilaya nzima hakuna anayevisha mpira kama mimi. Hakuna!

Jumamosi, 9 Novemba

Mama Hoshina kaondoka asubuhi. Katuachia matunda ya persimoni yaliyokaushwa, kapiga honi mara mbili.

Nimesafisha trei yangu mchana. Kuna pini.

Mpya. Imenyooka, haijakunjwa. Nilichukua nne kwenye kopo, viungo vinne. Labda nilichukua tano. Nilichukua tano, bila shaka. Kidole kikiwa na baridi huchukua mbili pamoja.

Sijasahau pini tangu nilipomaliza kujifunza kazi hii. Kaka yangu alikuwa ananipiga ufunguo wa gurudumu nikisahau. Huwezi kusahau kitu ulichopigiwa.

Kanae kaniuliza mbona sili. Nikasema meno.

Nati isiyo na pini haifunguki mara moja. Inalegea kona kwa kona. Na njia ya mlimani ni kona tupu. Halafu gurudumu linakwenda linakotaka, wewe umebaki na usukani mkononi kama sahani.

Nimepiga simu nyumbani kwa Mama Hoshina. Inaita, inaita. Shigenori ana namba ya ile ya mkononi. Nikimwomba atauliza ya nini.

Nilichukua tano.

Jumapili, 10 Novemba

Sikulala. Asubuhi nikachukua kigari cha mizigo. Kanae mlangoni: "Baba, wapi na mvua hii?" Kununua sigara. "Uliacha sigara, Baba." Nikasema ndiyo maana sina.

Njia nzima natazama kingo za barabara. Kila penye chuma cha kando kilichopinda nasimama, nachungulia bondeni. Nilikuwa nasema kwa sauti, peke yangu, kama chizi: mama, usifunge breki kwa ghafla, mama, taratibu.

Gari lilikuwa kwenye maegesho ya hospitali. Zima! Nikalala kwenye maji, nikaingia chini na tochi na pini mfukoni.

Pini zote zipo.

Ningecheka. Nilianza kucheka. Halafu nikaitazama ya kulia, kwa nje. Mimi pini naikunja mguu mmoja juu ya bolti, mwingine naukata mfupi. Ndivyo alivyonifunza kaka. Hii miguu yake yote miwili imezungushwa kwenye nati, kama mkanda. Namjua mtu anayekunja hivyo. Nilimgombeza kwa ajili hiyo alipokuwa na miaka kumi na tisa.

Mama Hoshina akanikuta hapo. "Fundi! Umekufa?" Nikasema nimekuja kutazama kazi yangu. "Jamani, nyie watu mnapenda kulala chini! Mwanao naye jana asubuhi alilala chini ya gari hilihili pale gereji, wewe ulikuwa unakunywa chai. Akaniambia anafuta tope tu."

Akaninunulia kahawa ya kopo. Sikuweza kuifungua. Akanifungulia.

Jumatatu, 11 Novemba

Shigenori kaniuliza, sigara nilipata? Nikasema walifunga.

Kaja muuza mchele na gari lake, linataka oili. Mipira yake nilibadilisha mimi, majira ya kuchipua. Nikasema nitamwaga oili mimi. Nikaingia chini.

Miguu ya pini imezungushwa kama mkanda. Ya kushoto na ya kulia.

Majira ya kuchipua! Na mimi kiangazi chote najisifu pale kwa kinyozi — sijarudishiwa gari hata moja.

Jumanne, 12 Novemba

Kumbe gari haliwezi kurudi. Haliondoki likiwa na kosa.

Kwa hiyo lile neno lake la kuvua ovaroli lilikuwa la nini? Nimefikiri kutwa. Labda alitaka niseme mwenyewe. Labda alinionea huruma. Heri angenipiga na ufunguo wa gurudumu.

Au labda ni hayo magari mawili tu. Mtu anaweza kuteleza mara mbili. Muuza mchele hutembelea gereji nyingi, yule ni bahili.

Jumatano, 13 Novemba

Gari la mtawa wa hekaluni. La zamani pia, mipira imepasuka upande mmoja. Halichukuliwi mpaka kesho jioni. Nimeomba kazi hiyo. "Ni yako, Baba," kasema Shigenori, bila hata kuinua kichwa.

Nimeifanya vizuri. Vizuri kuliko zote! Grisi kipimo chake, mpira umekaa mnene, hauna kunyanzi. Nikafunga nati. Pini sikutia. Kwa makusudi — naandika hapa ili ijulikane ni kwa makusudi. Iko mfukoni, nimeigusa. Kesho asubuhi naitia mwenyewe, hakuna atakayeumia. Nikataka kuona tu kama Shigenori ataingia chini.

Kanae katuita chakula cha mchana. Supu ya miso, ile ya soya, na figili na samaki. Nikasema kwa sauti: la mtawa limekwisha, mipira imekaa kama ya kiwandani. "Hongera, Baba," kasema Shigenori. Akala haraka. Halafu akaweka vijiti chini, akasema anakwenda kuzima kompresa, ile mashine ya upepo.

Kompresa nimeizima mimi. Nadhani nimeizima. Haisikiki.

Ametoka. Nimevuta daftari hapa hapa mezani. Kanae ananiongezea wali, sijamwomba, na hanitazami. Anatazama bakuli.

Ametoka muda sasa. Supu yake imeacha kutoa mvuke. Nimesikia kibao kile chenye magurudumu, cha kulalia chini ya gari, kikiburuzwa kwenye saruji, kule liliko gari la mtawa.