Kwa Mama Mkwe Aliyekataa Kisu Changu

Mama mkwe, ambaye sikuwahi kukushika mkono,

Nimekasirika. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hai ningelazimika kuanza na salamu, niulize mvua, niulize ng'ombe, na yote hayo niyapitishe kwa Nekesa huku nimegeuza uso ukutani. Sasa hakuna wa kupitia. Tulikuzika wiki sita zilizopita, fomu ya wizara iko mezani hapa Kitale, na ina mstari mmoja unaoniuliza nataka kwenda kusomea udaktari wa nini. Lazima niirudishe Ijumaa.

Miaka saba nimekuwa mume wa binti yako na sura yako naijua kwa picha, na kwa kukuona mara moja tu. Unakumbuka ile siku sokoni Bungoma? Nilikuwa nachagua ndizi, nikainua kichwa, nikakuona. Ukaangusha kikapu ukajificha nyuma ya lundo la kabichi, wewe mwanamke wa miaka sitini! Mimi nikaruka mtaro nikaingia duka la vitambaa la yule Singasinga, nikajifanya natafuta kitambaa cha suruali. Vijana wa boda boda walishuka kwenye baiskeli zao ili wacheke vizuri. Mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, ndivyo sisi Wabukusu tulivyolelewa, na sikuwa na neno. Jioni ukanitumia kuku mzima na ujumbe: "Mwambieni mkwe anajua kukimbia." Nilikupenda sana siku hiyo, mama.

Halafu ukaanza mambo ya ngozi.

Sijui nani alikwambia kwamba yule Singasinga ana kijana daktari wa ngozi Nairobi. Ukalishika hilo kama dini. Kila Nekesa akitoka kwenu alikuwa na hotuba mpya. Ati daktari wa ngozi haitwi Jumapili. Ati upele hauui mtu, unaweza kungoja Jumatatu. Ati yule kijana anafunga saa kumi na anakula na watoto wake mezani. Ulinunua hata kadi ya simu, ukaikwaruza, ukampigia Nekesa umwambie: "Si aandike ngozi tu? Sifuna anamwita baba yake 'daktari' kama wagonjwa wengine. Hiyo ni nyumba gani, bana?" Nekesa alinipa maneno hayo yote bila kupunguza, akakaa akiniangalia. Niliwaka. Nilimwambia akuambie uchunge ng'ombe wako.

Ningekueleza vipi, na ukuta katikati yetu? Mtu analetwa amekunja magoti kwa maumivu. Unamfungua, unaona kwa macho yako shida iko wapi, unaitengeneza kwa mikono yako, na siku ya tano anaomba uji. Nimefanya kazi wodi zote za hospitali hii. Hakuna kitu kingine kinachonifanya nitembee haraka asubuhi. Lakini nilichoka kugombana, na Sifuna kweli alikuwa ananiita daktari. Kwa hiyo nikakubali. Nilimwambia Nekesa nitaandika ngozi, naye akakuambia, na nasikia uliimba jikoni.

Sasa tuje kwa ile sherehe. Hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa.

Wewe ndiye uliyeomba aibu kati yetu iondolewe. Wazee wangekuja, mnyama angechinjwa, tungesalimiana mbele ya watu, na kuanzia hapo tungeketi chumba kimoja kama mama na mtoto. Siku ya kwanza iliyopangwa sikuja, kwa sababu mama mmoja alipasuka mfuko wa uzazi na daktari wa zamu nilikuwa mimi. Siku ya pili sikuja, lori lilipinduka na watu juu yake. Ukasema sawa, kazi ni kazi. Siku ya tatu, mama, hakuna aliyeniita. Nilikuwa nimeoga na shati jeupe nimevaa. Nikapita hospitalini kuchukua saa yangu, nikamkuta daktari wetu mkubwa wa upasuaji anajiandaa kutoa uvimbe kwenye kongosho, upasuaji ambao sikuwahi kuuona. Nikavua shati. Wazee walinisubiri Bungoma hadi saa kumi, nyama ikapoa, na Nekesa akakudanganya kwamba kulikuwa na dharura. Hukuwahi kujua. Nakuambia leo.

Miezi mitatu baadaye ukaenda Kachibora kumsaidia dada yako kuvuna mahindi, na tumbo likakufura. Siku mbili ulikunywa dawa za mizizi. Jumapili asubuhi wakakuleta kwetu, hospitali ya karibu, na mkubwa wetu alikuwa kwao kwa matanga. Aliyebaki anayejua kufungua tumbo alikuwa mkweo. Nilitazama picha ya eksirei kabla sijajua ni ya nani. Utumbo ulikuwa umejisokota. Kazi ya saa mbili, mama! Niliwahi kuifanya mara sita na wote sita walienda nyumbani.

Ukajifunika leso uso mzima. Nesi Rukia alikusihi hadi akalia, na ukamjibu neno moja tu: "Atoke."

Nilitoka nikasimama nyuma ya pazia. Nikapaza sauti, kwa mara ya kwanza nikasema na wewe moja kwa moja. Nilikwambia shuka zitafunika kila kitu, nitaona kipande cha ngozi kama sahani, sitakuona wewe. Kaka yako ndiye aliyenijibu: "Daktari, huyu ni mama yako. Utamfunua aje? Si hata kusalimiana hamjasalimiana." Mtu mzima akikataa, daktari hana ruhusa ya kumgusa. Nikaandika barua ya kukuhamisha, wakakupakia kwenye pikapu kukupeleka Bungoma, ukapasuliwe na mgeni. Mlifika ukiwa hai. Walikuwa wanakuandaa ulipokata roho.

Ulikuwa mjinga, mama. Nalisema kwa sababu hakuna mwingine anayethubutu. Kule kwenye mazishi walisema ulikufa na heshima yako, na watu wakaitikia, na mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitaka kupindua meza ya padri. Heshima gani? Wajukuu wako wawili wananiuliza kama mimi ndiye daktari, kwa nini sikukutibu. Wape jibu wewe.

Na mimi nilikuwa mjinga zaidi yako. Ningekuja siku ile ya tatu, ungenipa tumbo lako. Nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha upasuaji nikitazama kongosho la mtu nisiyemjua, wakati ruhusa ya kukuokoa inaningoja Bungoma kwenye sufuria.

Jana nilifuta "ngozi" kwenye fomu nikaandika "upasuaji". Nikamwonyesha Nekesa. Nilimwambia nafanya hivyo kwa ajili yako, ili Kitale isibaki tena na mtu mmoja wa kupasua siku ya Jumapili. Nilidhani atalia. Aliweka chini nguo za mtoto alizokuwa anakunja.

"Andika unachotaka," akasema. "Lakini usimfanye mama yangu sababu. Ungeenda hata angekuwa hai."

Nilitaka kumpigia kelele. Lakini nilijiuliza hapo hapo, mama, na jibu lilikuwa ndiyo. Ningekudanganya wewe, ningemdanganya yeye, ningetafuta mlango mwingine. Ngozi nisingeisoma hata siku moja.

Kwa hiyo Ijumaa napeleka fomu. Nekesa atabaki hapa na watoto miaka yote hiyo ya masomo, nitakuja likizo nikiwa nimechoka, na nikirudi nikiwa mpasuaji kamili mambo yatakuwa mabaya zaidi. Kila ulichomwogopea binti yako kitampata. Ulisema kweli, na naenda.

Pumzika, mama. Mimi bado nimekasirika.

Mkweo,
baba Sifuna