Filimbi Nisiyoisikia

Nyakato, Mwanza
Jumapili mchana

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umejikunyata kibarazani na lile koti lako zito, maana baridi ya Makambako majira haya naijua, haina adabu. Mgongo unaendeleaje? Na Mama, kifua kimetulia? Mimi mzima, ila nimechoka, Baba. Nimechoka hata kufua ovaroli naona kazi.

Najua utashangaa kuletewa barua siku hizi. Dada Tumaini amenifikishia lawama zako kwa meseji: kwamba ukinipigia simu nasema mtandao mbovu halafu nakata, kwamba mji umenilevya. Mji haujanilevya. Masikio yangu yanaharibika, na unajua kwamba masikio ndiyo yanayonilisha. Hapa gerejini hawaniiti Elia, wananiita Sikio. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika, na barua nitampa konda wa basi la Mbeya awaachie hapo stendi.

Nikueleze ilivyokuwa. Kazi nyingi tunazopata sasa ni magari ya dizeli ya zamani, yenye zile turbo ambazo hukuwahi kuzipenda, zenye vibawa ndani. Gari likienda polepole vibawa hujibana ili moshi wa ekzosi uizungushe turbo kwa nguvu na injini ipate upepo, likikimbia vinafunguka. Vikiganda kwa masizi, gari linakosa pumzi mlimani na kufuka moshi mweusi. Ukishasafisha, kuna skrubu moja ndogo inayoamua vibawa vijibane hadi wapi. Wenzangu huiseti kwa geji, kile kipimo cha upepo wa turbo. Mimi nilikuwa najitapa kwamba geji ni ya wasiojua kazi. Namwambia mtu akanyage mafuta, nainama, nasikiliza filimbi ya turbo inaanzia wapi, nafunga nati. Ulivyonifundisha wewe.

Mwezi uliopita alikuja kwangu na gari lake Mwalimu Kabula, mwalimu mstaafu wa Sengerema. Kila wiki anamleta mumewe kliniki hapa mjini, mzee ana matatizo ya figo, na gari lilikuwa limeanza kuwazimia njiani. Nikalifungua, nikasafisha turbo siku nzima, nikarudisha. Deo, fundi mwenzangu, akakanyaga mafuta. Nikainama. Nikasikia injini, nikasikia kompresa ya jirani, filimbi sikuisikia. Nikazungusha skrubu. Kimya. Nikazungusha tena. Deo akatoa kichwa dirishani akauliza mbona inapiga kelele kali hivyo. Nikamjibu ndivyo inavyotakiwa, yeye bado mgeni na hizi. Baba, nilidanganya bila hata kupepesa jicho. Kwangu mimi hakukuwa na sauti yoyote.

Siku ya kliniki walitoka Sengerema asubuhi. Kivuko cha Kigongo watu wamekisahau, sasa kuna daraja refu juu ya ziwa. Wakiwa katikati ya daraja Mwalimu akakanyaga ili alipite lori, upepo wa turbo ukazidi kipimo kwa ile skrubu yangu, paipu yake ikapasuka na gari likaishiwa nguvu hapohapo. Mimi na Deo tulipofika kwa pikipiki tulimkuta mzee amekaa kiti cha nyuma, amejifunika kanga ya mkewe kichwani, jua linampiga. Hakuna aliyeumia, nashukuru Mungu. Lakini tulipowapatia teksi walifika wamechelewa, wakaambiwa warudi kesho yake.

Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza kitu, upepo wa ziwa unavuma, nikamwambia sijasikia. Akarudia. Nikaitikia ndiyo tu, kama ninavyoitikia watu wote siku hizi. Akanizunguka mpaka akasimama usoni pangu kabisa.

"Fundi, nimekuuliza jina lako, unanijibu ndiyo," akasema. "Wewe husikii. Watoto wa namna yako nilikuwa nawakalisha dawati la mbele."

Nililia, Baba. Mtu mzima, juu ya daraja, malori yanapita. Maana hakuna aliyewahi kuniambia. Jirani yangu hapa Nyakato amenisusa muda mrefu, anasema kila asubuhi ananisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, nami nampita, eti Mbena yule ana maringo. Wengine wanadhani ni dharau. Wewe unadhani mji umenilevya.

Nilipimwa masikio. Daktari akasema sauti nyembamba zimeondoka na hazitarudi, kelele za gereji zimezimaliza, na zilizobaki nizilinde. Nikaenda moja kwa moja kwa bosi, Mzee Nassoro, nikamweleza yote, pamoja na nilivyomdanganya Deo. Nilijua ananifukuza. Akafungua droo, akaniwekea geji mkononi, akatoka.

Gari la Mwalimu nimelitengeneza upya. Safari hii skrubu nimeizungusha robo robo, macho kwenye geji, na Deo ndiye aliyesikiliza. Limepanda daraja likiwa na mzee ndani, na wiki hii hakukosa kliniki. Watu gerejini wamenipongeza. Lakini sikufurahi kama zamani, nilihisi kama kazi ameifanya mtu mwingine nami nimemshikia spana.

Msalimie sana Mama, mwambie dawa ya kifua asiikatishe. Dada Tumaini na cherehani yake, mwambie nimezipokea lawama. Baba mdogo, mlinzi wetu wa kanisa, mwambie bado nalivaa lile sweta lake, ingawa huku joto.

Kuna jambo moja limebaki. Nilipokuwa mdogo ulikuwa unagusisha bisibisi kwenye injini na kuweka mpini sikioni. Miaka ya mwisho kabla hujaacha kazi ukaacha kuuweka sikioni, ukawa unauuma kwa meno. Sisi watoto tulicheka, ukatuambia hiyo ni mbinu ya mafundi wakubwa, nami nikaamini. Kabla gari la Mwalimu halijaondoka, Deo alipokwenda kula, niliuma mpini wa bisibisi kwenye injini yake. Mngurumo ukaniingia mpaka fuvuni, vizuri kabisa, kama zamani. Nikakaa chini palepale. Nikakumbuka kwamba kwenye simu mara nyingi ni wewe unayetangulia kusema mtandao mbovu.

Sikulaumu, Baba. Ila naomba unijibu kwa mkono wako mwenyewe, usimtume Tumaini. Ulianza kuuma ile bisibisi lini, na mbona hukuniambia nizibe masikio?

Mwanao,
Elia