Bahasha Kumi na Saba Ambazo Hukuzituma

Baba,

Ardhi ya huku ilikubali kukupokea mwezi wa nne. Ulifariki Machi, koleo la theluji mkononi, kati ya mlango wa zizi na gari la Mama, na makaburi ya kanisa yalikuwa bado magumu kama simenti. Tukaambiwa tusubiri. Sisi ambao kwetu Iringa mtu akifa leo kesho anazikwa, tulikaa wiki nne na marehemu ambaye hajazikwa. Watu walikuja na sufuria zao za chakula wakituuliza maziko ni lini, nasi tukichungulia dirishani kuona kama barafu imeyeyuka. Mama hajaisamehe nchi hii kwa wiki zile nne. Mimi nimeisamehe. Ni wewe ambaye bado sijakusamehe, Baba, na ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza habari za nyumbani. Mzee mwenye shamba, mwajiri wako, ametuacha tuendelee kukaa kwenye nyumba yake, na farasi wake wawili tunawalisha mimi na mdogo wangu Faraja. Yule mweusi bado ananidharau. Mama anaendelea na kazi kwenye nyumba ya wazee kule mjini Anoka, anarudi asubuhi anakula amesimama, kisha analala. Mimi nimeacha chuo muhula huu. Najua umekunja uso, lakini Faraja ana miaka kumi na tatu, na mtoto haachwi peke yake shambani, maili mbili kutoka kwa jirani. Tena masomo yake ya posta, yale yanayokuja na kurudi kwa barua, yanataka mtu mzima wa kumsimamia na kutia saini. Saini ilikuwa yako.

Nakumbuka siku ulipomtoa shule, mwaka tuliohamia hapa. Watoto wa kwenye basi walikuwa wakiiga matamshi yake mpaka akaacha kusema darasani, muhula mzima hakutoa neno. Ulimsikiliza mwalimu wake mpaka mwisho, ukavaa kofia yako, ukasema, "Mwanangu hafundishwi kunyamaza." Nilikuona mrefu siku ile. Wiki iliyofuata ukaweka meza pembeni ya dirisha la jikoni, ukafunga kengele ya baiskeli kwenye mguu wa meza, na saa mbili kamili unaigonga. Faraja anasimama na soksi zake, "Shikamoo, Mwalimu," anajikaza asicheke. Wewe hata kutabasamu hutabasamu. Kumbe ulikuwa unafurahi kuliko yeye.

Basi mwezi wa nane nikaanza kuandaa mwaka mpya kama ulivyokuwa ukifanya. Nikafuta meza, nikachonga penseli, tukakata mifuko ya kaki ya dukani na kufunika madaftari. Faraja akaandika juu ya kila moja, kwa mwandiko ule uliomfundisha: Darasa la Nane. Yote sita. Kila siku tulikwenda mpaka barabarani kwenye sanduku la barua kuangalia kama kifurushi cha vitabu kimefika.

Ikafika barua nyembamba. Hawawezi kumwandikisha darasa la nane, ilisema, kwa sababu kati ya masomo thelathini na sita ya mwaka uliopita walipokea kumi na mawili tu.

Nilipiga simu nikawaka, Baba. Nilimwambia yule mama wa shule ya posta kwamba wamepoteza kazi ya mtoto, na kwamba baba yangu alikuwa mwalimu miaka kumi na minne na hapotezi hata kipande cha karatasi. Alinivumilia. Akasema walituandikia mara tatu kuulizia. Nikamwambia hatukupata kitu. Nilikata simu nikijiona nimekutetea vizuri.

Mama alipoamka nikamweleza. Akasema maneno machache: kama Faraja hajapokelewa shule zikifunguliwa, atapanda basi kama watoto wengine, nami nirudi chuoni. Faraja alikuwa mlangoni. Hakulia. Alikwenda zizini akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake nikafungua sanduku lako la bati, kutafuta risiti za posta niwaaibishe. Nikazikuta bahasha. Kumi na saba. Anwani umeandika, stempu umebandika, hazijafungwa. Chini yake barua zao tatu. Na ndani ya kila bahasha kazi ya Faraja, nakala ya kwanza, ya pili, nyingine mpaka ya nne, karibu zote zimejaa kalamu yako nyekundu. Rudia. Safisha mwandiko. Jibu ni sahihi lakini ukurasa mchafu. Nilikaa chini sakafuni nikasikia sauti yako kabisa: "Kazi chafu haipelekwi kwa watu." Ulikuwa ukituambia hivyo hata tukikunja shuka.

Mtoto yule alikuwa akisubiri majibu, Baba! Ulikuwa unamwona. Kila wiki anakuuliza kama mwalimu ameandika, nawe unamwambia posta ya barafu inachelewa, haraka haraka haina baraka. Mimi nikija wikiendi nakusikia, nikidhani ni hekima. Yeye akaamua mwenyewe kwamba mwalimu hampendi. Aliamini hivyo miezi yote ile, wewe ukiwa na ufunguo wa sanduku mfukoni.

Nikuambie nilichofanya baadaye, kwa sababu sitaki udhani uko peke yako. Sikumwambia. Nilitoa zile nakala za mwisho, nikaona nyingine zina madoa, nikamwita nikamwambia shule inataka zinakiliwe upya. Nikamkalisha mezani siku mbili. Siku ya pili nikajikuta nimeshika kalamu nyekundu, nimeshaandika Rudia. Faraja akaitazama ile karatasi, akatazama mwandiko wako pembeni, akaelewa yote kwa mara moja.

"Kwa hiyo hizi teacher hakuwahi ku-read?" akaniuliza. "Hata moja?"

Nikamwambia, hata moja.

"So she didn't hate me," akasema, yaani kumbe mwalimu hakumchukia. Akauliza tena, kwa Kiswahili safi ambacho hakitumii siku hizi: "Baba alinionea aibu?"

Hukuniachia jibu, Baba. Nilirudi kwenye lile sanduku kulitafuta kama mwendawazimu, nikatoa mpaka magazeti uliyotandika chini. Hapo ndipo nilipoikuta tasnifu yako. Kurasa mia mbili na zaidi, zimepigwa taipu. Wewe uliyetuambia maprofesa wa chuo kikuu cha huku walikuzungusha mpaka ukachoka ukaja kutunza farasi. Hukuwapelekea. Sura ya tatu peke yake umeiandika mara tano, na pembeni kwa kalamu ileile, kwa mkono wako mwenyewe, unajiandikia wewe: Rudia. Bado. Aibu hii.

Nilikuchukia, nikakuhurumia, sijui kipi kilitangulia. Nikampelekea Faraja ukurasa mmoja. Aliusoma wote ingawa hakuelewa mambo ya udongo na mbolea. Akasema tu, "Alikuwa anaogopa." Na wewe ndiye uliyependa kutuambia mficha uchi hazai. Uliwaambia watu wote isipokuwa mtu mmoja.

Tukazipeleka. Mimi na yeye, mpaka posta ya Anoka, bahasha kumi na saba. Alichagua mwenyewe zile nakala za kwanza, zilizofutwafutwa, moja ina alama ya kikombe chako cha chai. Nilitaka kumzuia. Mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka. Nikauweka mfukoni.

Majibu yamefika juzi, siku mbili kabla shule hazijafunguliwa. Nakuelezea kama yalivyo. Alama si za kujivunia zote; hesabu nyingi ni za katikati, zile hasa ulizoziogopa. Hawakumpandisha darasa la nane. Yapo masomo saba ambayo hakuyafanya tangu ulipoanguka, hakuna aliyemgongea kengele, na lazima ayamalize kwanza. Mama amekubali kusubiri mpaka Krismasi, si zaidi. Ikishindikana, ni basi. Kwa hiyo madaftari sita yenye majalada ya kaki yamerudi kabatini na mwaka wetu mpya unaanza na vitabu vya zamani. Ndivyo tulivyo, Baba. Sitakupamba.

Lakini kwenye insha yake ya kisima kuganda, ile ambayo hata wewe hukuigusa kwa wekundu na bado hukuituma, mwalimu ameandika mstari mmoja kwa penseli: Nilikuwa najiuliza umekwenda wapi.

Faraja aliusoma amesimama pale barabarani kwenye sanduku la barua. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Alilia kwa sauti kubwa mpaka farasi wakainua vichwa. Nilimshika. Nilitaka uwepo uone, na nilitaka usiwepo.

Kesho saa mbili tunaanza somo la thelathini. Nakuahidi kitu kimoja tu, maana ahadi nyingi hazitimizwi hata mtu akiwa hai: akilimaliza litakwenda posta siku hiyohiyo, liwe zuri liwe baya, na akiniuliza limefika wapi nitamwambia kweli. Tasnifu yako sikuichoma. Nimeipeleka chuo kikuu, kwenye idara yako, nikaiacha mezani kwa karani na jina lako juu. Aliniuliza kama imekamilika. Nikamwambia hapana.

Lala salama, Mwalimu. Barua hii nimefuta mahali kumi na moja, na ukurasa wa pili machozi yameharibu wino. Siinakili.

Mwanao,
Upendo