Mwandiko wa Mkono wa Kushoto

Magamba, Lushoto

Mama mpendwa,

Shikamoo. Usishangae mwandiko huu, ni mimi mwanao Modesta. Kabichi zimefunga vizuri, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Juzi Baba alikuwa anarusha mpira kwenye ile ringi aliyoipigilia kwenye msonobari. Akawa anakosa. Jirani yetu Anord akacheka, "Kaka, na kule Misri walikulipa mshahara kwa kurusha hivi?" Unajua Baba anavyokuwa akikumbushwa miaka aliyocheza mpira wa kikapu huko, kabla goti halijaharibika. Alimpiga Anord mpaka meno yakabaki kwenye nyasi. Hata mpira ulilowa damu.

Kisha akaingia jikoni ametulia kabisa, akanipa kalamu. "Mwandikie mama yako arudi. Mwambie nimeacha kupiga."

Alijua ungeniamini mimi.

Mama, tangu nilipoanza shule hadi nilipomaliza kidato cha nne sikuwahi kunyoosha mkono darasani, kwa aibu. Lakini nilimjibu, "Hapana, Baba."

Aliushika mkono wangu wa kulia kwa kile kiganja kinachofumbata mpira mzima, akabana. Nilisikia vidole vikivunjika kabla sijasikia maumivu.

Barua hii nampa Elinuru, yule muuza mboga wa Soni, akufikishie. Usije kunichukua, nitatafuta njia nikufuate. Ila mkono ukipona kabla sijaondoka, atanilazimisha tena. Ukipokea barua yenye mwandiko wangu mzuri wa shule, usirudi.

Akupendaye,
Modesta